Mota Mpya ya Bertrand

Skrubu ya kwanza ilitoka bila shida. Ya pili ilikuwa imekwanguliwa kichwa. Mtu alishaijaribu kwa bisibisi isiyo saizi yake, akaichokonoa mpaka ule msalaba ukawa shimo la duara. Nikakata kipande cha mpira wa glovu, nikakiweka juu yake, nikabonyeza na kuzungusha polepole.

"Unaibembeleza," Bertrand alisema nyuma yangu. "Ni skrubu, shemeji, si bibi harusi."

Skrubu ikazunguka robo, ikasita, ikakubali. Kifuniko cha chini ya mpini kikaachia, na kitako cha mota kikaonekana ndani, kidogo, cheusi kwa masizi.

Bertrand ni mdogo wake mke wangu. Alikuwa amesimama kati ya meza yangu na mlango wa gereji, ule wa kukunjwa kwenda juu. Aliushusha yeye mwenyewe alipoingia, akaacha upenyo wa kiganja tu chini. Nje ilikuwa alasiri ya Jumapili, mwezi wa saba, jua la baridi, na kasuku weupe walikuwa wakipigiana kelele kwenye nyaya za barabara yetu. Mezani kulikuwa na kitu alichokileta ndani ya mfuko wa raketi za tenisi: bunduki ya umeme, ya kuchezea. Hairushi risasi. Inarusha vidonge vya jeli vinavyolowekwa majini mpaka vikavimba kama njegere. Aliinunua Queensland alipokwenda harusini, na kule inauzwa dukani karibu na mipira na baiskeli. Ukivuka nayo mpaka kuja kwetu Sydney, sheria ya huku inaihesabu kuwa silaha. Mimi nilijua hivyo. Naye alijua, na ndiyo sababu mlango ulikuwa chini.

Kuikataa nilikuwa nimeshachelewa.

Kwetu Burundi mwenye ombi haji mikono mitupu. Huja na kinywaji, na anayeombwa husikia neno kwanza ndipo anywe. Akishakunywa amekubali, na akigeuka baada ya hapo ameitukana nyumba iliyomletea. Nyumba ya wakwe ndiyo usiyoitukana kabisa. Sisi ni walokole, kinywaji chetu ni soda, na kwa soda watu husahau. Nilikuwa nimetoka kanisani na kiu. Bertrand akaingia na kreti ya soda za limau, zile za chupa za kioo kutoka duka la Wakongo la Fairfield, mke wangu akanifungulia moja, nami nikaishusha nusu kwa mkupuo. Bertrand alisubiri niiweke chini.

"Shemeji Salvator," akasema, mbele ya dada yake. "Umekunywa. Sasa nina neno."

Basi nilikuwa nimekwisha kukubali, na kazi ilikuwa mezani.

"Mota iko hapo tu," akasema sasa. "Nimeona kwenye video. Unachomoa ya zamani, unachomeka mpya, dakika tano. Usinifanyie ibada."

Mota mpya alikuwa nayo, ndani ya kijiboksi cha plastiki, bado ina mafuta ya kiwandani. Aliishika mkononi muda wote kama mtu aliyeshika tiketi.

"Kwanza nijue kama ni mota," nikasema.

"Si nimeshakuambia ni mota?"

"Umeniambia. Sasa naiuliza yenyewe."

Akacheka bila furaha. "Jamani. Na ongea kwa sauti. Unaniongelesha kama wale wazee wako unaowavisha nepi."

Ni kweli, kazi yangu ni kutunza wazee, katika nyumba moja huko Campbelltown. Wikiendi natengeneza drili na mashine za kufyonza vumbi za majirani. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kuharibu, na kutokana na kuharibu nikapata utaratibu: kitu cha umeme kikigoma, nafuata njia ya umeme kuanzia unakotoka hadi unakoishia, na sirukii katikati.

Nikapima betri. Ilikuwa imejaa. Nikatoa fyuzi, nikaipima, ilikuwa nzima. Nikagusisha ncha za mita kwenye teminali mbili za mota, waya mwekundu na waya mweusi, nikamwambia Bertrand avute kifyatulio. Akaruka kuishika bunduki. Akaielekeza kwenye picha ya binti yetu Ineza niliyoibandika juu ya rafu, aliyopigwa siku yake ya kwanza ya shule.

"Elekeza chini."

"Haina kitu ndani."

"Elekeza chini, Bertrand."

Akaielekeza chini, taratibu, ili nijue ni kwa hiari yake. Akavuta. Namba za mita zikaruka. Umeme ulikuwa ukifika mpaka kwenye mlango wa mota, na mota haikunguruma hata kidogo.

Nikachomoa betri. Nikaichomoa kwanza, kabla ya kugusa kitu kingine, kama ninavyofanya siku zote. Kisha nikaangalia waya mwekundu uko upande gani, nikatia alama ya wino kwenye plastiki, nikavuta teminali moja, halafu ya pili, kwa koleo nyembamba, nikishika chuma na si waya. Nikaigeuza bunduki mpini juu, nikaipigapiga kwa kiganja. Mota ikateleza ikaja mkononi mwangu na harufu yake, ile harufu ya nywele zilizoungua. Nikajaribu kuizungusha kwa vidole. Ilikuwa ngumu. Kaboni moja, ile inayopitisha umeme ndani ya mota, ilikuwa imepasuka vipande viwili.

"Ni mota," nikasema.

"Nilisema nini mimi?" Akaitupa mpya mezani mbele yangu, ikabiringika mpaka kwenye ukingo, nikaizuia. "Haya. Chomeka."

Niliiweka kando. Nikachukua tochi, nikamulika shimo la mpini. Juu mle ndani inaonekana gia ya kwanza, ile inayopokea mzunguko wa mota. Nikaigusa kwa ncha ya bisibisi, nikaisukuma. Haikwenda mbele. Nikaisukuma nyuma. Haikwenda.

"Mota haiungui bure," nikasema. "Kuna kitu ndani kimekwama, nayo imesukuma mpaka imekufa. Nikiweka hii mpya itaungua vilevile."

"Iungue. Iwake mara moja tu, inatosha."

Hapo nikasimamisha mikono.

"Mara moja ya nini?"

Bertrand akainama, akachungulia barabara kupitia upenyo wa chini ya mlango, akasimama tena. Nikaivuta bunduki karibu na taa. Ncha ya mtutu, ambayo dukani huwa ya rangi ya chungwa ili hata mtoto ajue ni mchezo, ilikuwa nyeusi. Rangi ilikuwa imepuliziwa juu juu, imechuruzika kidogo upande mmoja. Nikaikwangua kwa ukucha, chungwa likatokea. Nikatazama rafu yangu. Kopo la rangi nyeusi isiyong'aa, ile ya kuvumilia moto, halikuwapo. Bertrand alikuwa ameliazima wiki mbili kabla.

"Uliniambia ni ya jiko la kuchomea nyama," nikasema.

"Nilibakiza kidogo."

"Bertrand. Hii ni ya nani?"

"Ya Bahizire," akasema. Alilitamka jina hilo kama mtu anayetema kokwa.

Bahizire ni Mkongo, anaendesha foklifti katika ghala moja hapa hapa Ingleburn. Bertrand alikuwa akifanya kazi kwenye ghala hilo hilo kama kibarua wa ajensi, anayeitwa kwa simu kazi ikiwapo. Mwezi wa tano, wakati wa mapumziko, Bertrand alilala juu ya maboksi, kinywa wazi, mkono mmoja umening'inia. Bahizire akampiga picha. Akaikata, akaitengeneza stika ya WhatsApp, akaandika chini yake: NIKO KAZINI. Siku tatu baadaye Waburundi na Wakongo wote wa upande huu wa Sydney walikuwa nayo. Ukimuuliza mtu amefika wapi, anakutumia Bertrand amelala. Kiongozi wa kwaya aliituma kwenye kundi la kwaya. Wiki iliyofuata ajensi haikumpigia simu Bertrand, na mpaka Jumapili hiyo ilikuwa haijampigia.

"Kesho anamaliza zamu saa kumi na mbili asubuhi," Bertrand akasema. "Gari lake analiegesha mwisho kabisa, kwenye uzio. Namsubiri hapo. Nataka apige magoti. Namvutia hii hewani, aisikie inavyolia, kisha nampiga picha. Halafu natengeneza stika yangu. Tutaona nani atacheka."

"Na lazima iwe kesho?"

"Kesho jioni anahamia Perth. Na mke, na watoto, na kila kitu. Akienda ameenda na uso wangu."

Nikaiweka bunduki chini, mtutu ukiangalia ukuta. Nilitaka kusema jambo moja kwa mpangilio.

"Pale ghalani kuna kamera," nikasema. "Mlinzi akimwona mtu mweusi ameshika kitu cheusi, hatakuja kuuliza kama ni cha jeli. Atapiga simu. Na wale watakaopigiwa nao hawatauliza."

"Wakifika nitakuwa nimeshaondoka."

"Na wakifika kabla?"

"Basi mtanizika. Mtaweka ile stika kwenye jeneza."

"Bahizire ametoka Kivu. Unajua mara ya mwisho alipopigishwa magoti?"

"Najua." Alinitazama usoni. "Ndiyo maana."

Sikumwona kuwa mtu mbaya, hata wakati huo. Nilimtazama kama ninavyotazama kitu kilicholetwa kwangu kimegoma: kuna kitu ndani kimekwama, nami sijakifikia. Lakini pia nilijua kwamba kama nikichomeka ile mota, dakika tano, kama alivyosema, mtu huyu ataondoka hapa akiwa na kitu kinacholia, na kesho saa kumi na mbili asubuhi atakuwa kwenye uzio.

Nikachukua bisibisi nyembamba, nikaanza kusukuma pini zinazofunga mwili wa juu wa bunduki na wa chini.

"Unafanya nini?"

"Natafuta kilichokwama."

Pini ya kwanza ikatoka. Ya pili ikatoka. Mwili wa juu, pamoja na mtutu wake uliopakwa rangi yangu, ukateleza mbele, nikauweka upande wa kushoto wa meza. Nikafungua skrubu ndefu mbili zinazoshikilia mpini. Nikauweka mpini kando. Nikainua sanduku la gia kutoka ndani ya mwili wa chini, likiwa na nyaya zake. Kila kipande nilikiweka juu ya gazeti, mbali na kingine kwa kiganja kimoja, kwa mpangilio wa kutoka. Ilichukua muda. Nilikwenda kwa mwendo wangu wa kawaida, na mwendo wangu wa kawaida ni wa polepole. Hilo sikulifanya kwa hila. Lakini nakiri kwamba sikujiharakisha.

Bertrand alikuwa anahama kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Halafu akasimama tuli.

"Wewe," akasema. "Unaivunja."

"Naifungua."

"Mota iko kwenye mpini. Mpini umeshautoa. Hayo mengine unayatafutia nini? Mwongo mkubwa wewe. Unaifungua ili nisiweze kuifunga."

"Imekwama, Bertrand. Sukuma gia mwenyewe uone."

"Ulikunywa!" Alipiga meza, skrubu zikaruka juu ya gazeti. "Ulikunywa soda ya nyumba yetu mbele ya dada yangu. Baba yangu alipokupa mke hakukuzungushazungusha. Sema hapa kama ulikunywa au hukunywa."

"Nilikunywa."

"Basi fanya."

"Nafanya," nikasema. "Mwenye ombi analeta chupa. Siku anataja nani?"

Alilijua jibu, kwa sababu baba yake alikuwa akilishika sana. Nilipokwenda kumposa mke wangu Spéciose kule kwenye kambi ya wakimbizi, mzee alikunywa, akakubali, kisha akataja siku ya mbali mno hata wenzangu wakaona amenikataa. Na hakuna aliyekuwa na haki ya kumharakisha. Anayeombwa ndiye anayetaja siku.

"Kesho," nikasema. "Kesho alasiri nikitoka kazini nitaitengeneza. Itawaka. Nimekunywa, sigeuki."

"Kesho alasiri ni ya nini? Unanidharau kwa adabu! Wewe ndivyo ulivyo, unadharau watu kwa sauti ya chini. Afadhali Bahizire, yeye hunicheka wazi."

Akanisukuma begani. Hakunisukuma sana, ila nilirudi nyuma hatua moja. Akalichukua sanduku la gia kwa mkono wa kushoto na bisibisi kwa mkono wa kulia.

"Nitafungua mwenyewe. Wewe simama hapo uombe."

"Usilifungue hilo," nikasema. "Limekwama nusu njia. Springi ndani imekazwa. Lazima kwanza tuilegeze kwa kupitia tundu la mota, halafu..."

"Sikusikii. Ongea kama mwanamume."

"Springi imekazwa, Bertrand!"

Nadhani hiyo ilikuwa mara ya kwanza kunisikia nikipaza sauti, na badala ya kumzuia ilimpendeza. Akafungua skrubu ya kwanza akinitazama. Akafungua ya pili. Zilikuwa zinatoka kwa urahisi, na kila iliyotoka aliitupa sakafuni. Nilizunguka meza. Nilimwambia basi alishike kwa mikono miwili, alibane. Akafungua ya mwisho.

Lilipasuka kama mlango uliopigwa teke. Nusu moja ya sanduku ilimchuna kidole gumba, ikaruka na kugonga mashine ya kufyonza vumbi ya Mama Aketch wa nyumba ya pili. Springi ilikwenda juu, ikagonga bati la mlango, ikarudi. Vyote vilivyokuwa ndani, gia, pistoni, vile vidude vyembamba kama sarafu vinavyokaa chini ya gia, vilimwagika sakafuni na kubiringika kila upande, chini ya rafu, chini ya baiskeli, chini ya jokofu la zamani.

Bertrand alitoa sauti, akatia kidole mdomoni. Kilikuwa kinatoka damu kidogo. Alitazama mkono wake mwingine, uliokuwa bado umeshika nusu tupu ya plastiki. Halafu akashuka chini.

Alipiga magoti pale kwenye saruji, katika suruali yake ya kanisani, akaanza kukusanya. Alipata pistoni. Alipata gia kubwa. Aliingiza mkono chini ya rafu, akatoa vumbi, na kofia ya chupa, na msumari.

"Ziko ngapi?" akauliza bila kuinua kichwa. "Gia. Ziko ngapi?"

"Tatu."

"Ninazo mbili."

Mimi nilikuwa sijasogea. Nilikuwa nimevaa kandambili, na chini ya kandambili ya kulia, tangu vitu vilipoacha kubiringika, nilikuwa nahisi kitu kidogo chenye meno. Nilijua ni nini kwa ukubwa wake. Ile ya kwanza, inayopokea mzunguko wa mota. Bila hiyo unaweza kuweka mota kumi mpya na hakuna kitakacholia.

Nikauhamishia mguu huo uzito wangu wote.

Mlango wa kutoka nyumbani ukafunguliwa. Spéciose aliusikia mlio akiwa jikoni. Alisimama kwenye ngazi, mikono ina unga, akanitazama mimi, akatazama meza, akamtazama mdogo wake aliyekuwa amepiga magoti, kichwa chini ya rafu, matako juu.

"Yesu wangu," akasema. "Na wewe unaswali huko?"

Bertrand akajitoa kwa haraka, akagonga kichwa. Spéciose alikuwa ameshafuta mkono kwenye kanga na kutoa simu. Aliinyanyua mbele yake.

Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika hivyo. Bertrand alibaki alivyo, magotini, mkono mmoja umeinuliwa mbele ya macho.

"Piga," akasema. "Piga, dada. Watumie. Si ulishawatumia ile nyingine? Unadhani sikuona? Siku ya mkutano wa akina mama, waliuliza nani analeta viti, ukawatumia mimi nimelala. Dada yangu wa tumbo moja. Piga basi, watu wacheke."

Spéciose alikuwa amewasha taa ya simu tu. Mwanga wake ulikuwa umeanguka sakafuni, kwenye vumbi mbele ya magoti ya Bertrand. Aliutazama mwanga huo, akamtazama yeye.

"Nilikuwa nakumulikia," akasema.

Kasuku wa nje walikuwa wameondoka. Treni ya kwenda Campbelltown ilipita kule nyuma ya viwanda, tukaisikiliza mpaka ikaisha.

"Niliituma," Spéciose akasema. "Mara moja. Niliona kila mtu anaituma." Akashuka ngazi. "Nilicheka, Bertrand. Sitasema sikucheka."

"Najua ulicheka."

"Mnatafuta nini?"

"Muulize mumeo. Yeye ndiye anayetafuta. Mimi naambiwa kesho."

Alisimama, akapangusa magoti. Akaja mezani, akachukua mwili wa chini, akachukua mpini, akajaribu kuviunganisha kwa nguvu. Mpini haukushika. Skrubu zake huingia kwenye sanduku la gia, na sanduku lilikuwa nusu mbili. Alipouachia ulianguka. Akaujaribu tena, ukaanguka tena. Akachukua mwili wa juu wenye mtutu, akaupima mkononi. Peke yake ulikuwa bomba la plastiki lenye tundu, mtu angeweza kudhani ni kipande cha mashine ya kufyonza vumbi. Akautupa juu ya gazeti.

"Kaa ule," Spéciose akamwambia. "Nimepika maharage na ndizi. Lala hapa hapa. Ineza atakupisha chumba chake."

"Sili kwenye nyumba hii."

"Bertrand."

"Nimesema sili. Mlete soda yangu mnywe wote, mmalize kreti, mshibe. Shemeji amekunywa, ametaja siku. Safi sana. Baba angemsifu." Akanigeukia. "Kesho alasiri."

"Kesho alasiri," nikasema.

"Nikikuta haiwaki?"

"Njoo tutafute kilichopotea. Nitaleta sumaku kubwa."

Alinitazama muda mrefu. Alitazama uso wangu, hakutazama miguu. Akanyoosha mkono mezani, akaichukua ile mota mpya ndani ya kijiboksi chake, akaitia mfukoni.

"Hii naenda nayo," akasema. "Nisije nikakuta umeiweka kwenye drili ya mzungu."

"Nenda nayo."

"Na usinitolee ile sauti. Nakuchukia kwa sauti hiyo, Salvator, na Mungu anisamehe, ni Jumapili."

Aliinua mlango kwa mkono mmoja, kwa kishindo, ukajikunja mpaka juu. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya maghala na baridi ikaingia yote kwa pamoja. Alitembea hadi kwenye gari lake lililoegeshwa kando ya barabara, akakaa ndani bila kuliwasha. Spéciose alimfuata na sahani iliyofunikwa kwa karatasi ya fedha. Nilimwona akisimama kwenye dirisha la gari, ameinama, anaongea. Kioo hakikushuka. Aliiweka sahani juu ya boneti, akasogea nyuma, akakunja mikono. Baada ya muda kioo kikashuka kidogo, upenyo wa kiganja, na nikajua watakuwa pale kwa muda, wakirushiana maneno waliyokuwa hawajarushiana.

Sikusogea bado. Nikalivuta gazeti karibu kadiri mkono wangu ulivyofika, nikavipanga vilivyokuwa vimesukumwa: pini mbili, skrubu ndefu mbili, mota iliyoungua na teminali zake zikielekea kwenye alama ya wino. Skrubu za sanduku zilikuwa bado sakafuni. Niliziona nne, ya tano sikuiona.

Spéciose alirudi akitembea kwa kujikumbatia. Nyuma yake gari lilikuwa bado limesimama, na sahani haikuwa tena juu ya boneti.

"Anakula," akasema. "Ananitukana na anakula. Ameniambia ya Bahizire. Nimemwambia nitakaa naye humo garini mpaka alfajiri ikibidi. Amesema nilete blanketi langu, lake hanipi." Akatazama meza. "Hivi vitu vyote vitakaa hapa?"

"Mpaka kesho."

"Na kesho utaitengeneza?"

"Nimekunywa," nikasema. "Ila kwanza tutaitafuta gia."

Aliwasha tena taa ya simu, akaanza kumulika chini ya rafu, chini ya baiskeli, akija upande wangu. Mwanga ukafika kwenye miguu yangu, ukasimama hapo.

"Baba Ineza," akasema. "Sogeza mguu."

"Lete blanketi," nikamwambia. "Baridi inazidi. Akimaliza sahani asije akaondoka."

Akazima taa. Akapanda ngazi, nikamsikia akifungua kabati la koridoni.